Kisivunjike Mkononi

Chukua kijiti cha plastiki ya PLA, upana wake kama kidole, ukikunje. Kwa kitambo kidogo kitashindana nawe, kisha kitalia ka! na kubaki vipande viwili vyenye kingo kali. Chukua sasa cha pili, kilichochanganywa na polima laini. Hiki kinainama. Penye kunjo panapiga weupe kama maziwa, wala hakikatiki. Nimevikunja vijiti vya namna hii mara nyingi, na weupe ule bado unanishangaza, maana ndani yake imo kazi yote ya fundi.

Kiswahili kinatofautisha kigumu na shupavu. Kioo ni kigumu, lakini kikidondoka sakafuni habari yake imekwisha. Ngozi ya kiatu ni laini, nayo hukanyagwa na kukunjwa miaka isipasuke. Ugumu ni kukataa kubonyea. Ushupavu ni kupokea pigo na kulimeza. PLA hutokana na sukari ya mahindi au miwa iliyochachushwa na bakteria ikawa asidi laktiki, na tangu mwaka 2002 huzalishwa kwa wingi katika kiwanda cha Blair, Nebraska, nchini Marekani. Ugumu inao wa kutosha. Ukiivuta, hurefuka chini ya asilimia 10 tu, kisha hukatika. PBAT, polima laini ambayo kampuni ya BASF ya Ujerumani iliingiza sokoni mwaka 1998 kwa jina la Ecoflex, hurefuka zaidi ya asilimia 500, ila ni legelege mno kuwa kikombe. Moja ina mifupa, nyingine ina nyama.

Kuzioanisha kunataka mkono. Ukiziyeyusha pamoja na kuziacha, kila moja hujitenga na mwenzake. Hapo mimi humkumbuka mpishi wa pwani anayechemsha tui. Tui ni mafuta yaliyotawanyika majini kwa matone madogo mno, na protini za nazi ndizo zinazoyazuia yasiungane. Mpishi hukoroga bila kupumzisha mkono hadi lichemke. Akizembea, tui linakatika, mafuta yanaelea juu na mchuzi umeharibika. Fundi wa polima hufanya hivyo hivyo katika joto la nyuzi 180 hivi za Selsiasi, ndani ya mashine yenye parafujo pacha zinazokanda na kusukuma uji mzito, mpaka PBAT igawanyike kuwa matone yenye upana wa kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Badala ya protini, yeye hutia kiungo chenye vikundi vya epoksi, mara nyingi kisichofika asilimia 1. Kiungo hicho hushika ncha ya mnyororo wa polima hii kwa mkono mmoja, na ya ile kwa mkono wa pili.

Sasa turudi kwenye weupe. Kijiti kinapokunjwa, matone laini huvutika. Mengine hupasuka ndani, mengine hubanduka kidogo, na kuacha vishimo visivyohesabika. Vishimo hivyo hutawanya mwanga, nasi tunaona weupe. Kando ya kila kimoja, PLA ile ile iliyokuwa ikivunjika kama kioo hupata nafasi ya kunyooka. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Fundi huyu amepafanya pabovu pawe pengi na padogo kiasi kwamba pigo linagawanywa kila mahali, na ufa mmoja haupati nguvu ya kupita.

Mwaka 2006 Long Jiang, Michael Wolcott na Jinwen Zhang wa Chuo Kikuu cha Washington State walichapisha vipimo vya michanganyiko yenye PBAT ya asilimia 5 hadi 20. Urefukaji ulipanda sana. Nguvu ya kuhimili mvuto na ugumu vikapungua. Ushupavu hulipiwa, na ustadi ni kujua wapi pa kuishia. Tena mwenza hachaguliwi kwa ulaini peke yake. PBAT hutokana kwa sehemu kubwa na petroli, lakini huoza. Mtu angeweza kutia raba ya viwandani isiyooza akapata chombo imara, na ahadi ya chombo hicho kuoza ingekuwa uongo.

Linalonigusa zaidi ni jambo linalofanywa kabla mashine haijawashwa. Chembechembe za PLA hukaushwa kwa saa kadhaa, hadi unyevu ushuke chini ya sehemu 250 katika milioni. Katika joto la kuyeyushia, maji kidogo tu hukata viungo vya esta vinavyoishikilia minyororo, na kijiti kikatoka dhaifu. Lakini chombo kikishamaliza kazi na kufikishwa kwenye mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 60 hivi (wala si kutupwa baharini, ambako PLA hukaa miaka mingi), maji hayo hayo hukaribishwa yavikate viungo hivyo hivyo, ili vijidudu vimalizie. Fundi hukilinda kiungo dhidi ya maji leo, ili maji yakikute kizima siku yake itakapofika.