Namba ya Isevya: Nani Alihesabu, Usiku Gani, Mpaka Upi

Wikipedia ya Kiswahili ina maelfu ya makala fupi za kata za Tanzania, na Isevya ya Manispaa ya Tabora ni mojawapo. Makala hizi zimejengwa kwa mtindo mmoja: jina la kata, wilaya yake, mkoa wake, kisha idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa, na chini yake orodha ya kata nyingine za wilaya hiyo. Waliozijenga ni wahariri wachache wa kujitolea, na bila wao kata nyingi za nchi hii zisingekuwa na hata mstari mmoja mtandaoni kwa Kiswahili. Lakini katika sentensi zote hizo, ile ya idadi ya watu ndiyo ngumu zaidi kuiandika ipasavyo, na ndiyo inayonakiliwa zaidi na wasomaji. Hapo mwanafunzi wa jiografia au takwimu ana kazi ya kufanya.

Vyuo vyetu vilianza na njia ya wingi. Mwishoni mwa mwaka 2009 Google ilianzisha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, kukiwa na zawadi kama kompyuta na simu. Makala ziliingia kwa mamia. Shindano lilipokwisha mwanzoni mwa 2010, washiriki wengi hawakuonekana tena, na baadhi ya makala walizoacha zilikuwa tafsiri za mashine ambazo wahariri wa kudumu walilazimika kuzisafisha. Silaumu vijana. Shindano huleta makala mpya. Halileti mtu wa kurudi kwenye makala ya jana kukagua kama namba iliyomo bado inasimama. Na makala za idadi ya watu zinamhitaji mtu huyo wa pili.

Tuone kwa nini, tukianzia hapo hapo mkoani Tabora. Sensa ya 2002 iliipa Wilaya ya Urambo watu 370,796. Sensa ya 2012 ikaipa 192,781. Anayenakili namba hizi mbili na kuziweka katika sentensi moja ataandika kwamba Urambo ilipoteza karibu nusu ya watu wake ndani ya miaka kumi, na akiwa na bidii atatafuta na sababu: bei ya tumbaku, ukame, vijana kukimbilia mijini. Kumbe kilichohama ni mpaka. Kati ya sensa hizo mbili, Kaliua ilimegwa kutoka Urambo ikawa wilaya kamili, na mwaka 2012 ilihesabiwa peke yake: watu 393,358. Ukijumlisha wilaya hizo mbili unapata 586,139. Yaani eneo lile la zamani halikupungua kabisa. Liliongezeka kwa zaidi ya nusu, wastani wa asilimia 4.6 kwa mwaka, wakati Mkoa wa Tabora kwa ujumla, kutoka watu 1,717,908 hadi 2,291,623, uliongezeka kwa takribani asilimia 2.9. Namba zilezile, zikisomwa bila ramani, zinatoa habari iliyo kinyume kabisa cha kilichotokea.

Kosa la namna hii halionekani kwa macho. Kila namba ni sahihi, kila namba ina tanbihi yake, na anayekagua tanbihi moja moja ataipitisha makala yote. Litaonekana tu kwa anayeuliza kila namba maswali matatu: nani alihesabu, usiku gani, ndani ya mpaka upi. Ningependa kila darasa linaloingia Wikipedia lianze na maswali hayo kabla ya kujifunza kitufe chochote cha kuhariri.

Swali la kwanza linafichua kasoro nyingine iliyosambaa sana. Katika Wikipedia ya Kiingereza, makala nyingi za kata za Tanzania zinasema kwamba mwaka 2016 Ofisi ya Taifa ya Takwimu iliripoti idadi fulani ya watu, kutoka idadi fulani ya mwaka 2012. Mwaka 2016 hapakuwa na sensa. Tangu Uhuru tumehesabiwa mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Namba ya 2016 ni makadirio yaliyokokotolewa kutokana na sensa ya 2012, na makadirio ni kazi halali ya watakwimu; bila hayo hakuna mpango wa madawati wala wa dawa. Lakini hakuna karani aliyegonga mlango. Kuna namna rahisi ya kuyatambua: gawanya namba ya baadaye kwa ile ya awali kwa kata kadhaa za wilaya moja. Zikitoka na uwiano uleule, au unaokaribiana sana, ujue ni kikokotoo, kwa sababu kata hazikui kwa mwendo wa pamoja. Mwanafunzi anayerekebisha sentensi hiyo habadilishi tarakimu hata moja. Anaongeza neno "makadirio", na makala inakuwa ya kweli.

Marekebisho ya aina hiyo yanafaa kufanywa mahali pamoja kuliko kata moja moja. Wikidata, hifadhi ya taarifa inayohudumia Wikipedia za lugha zote, inaruhusu kila idadi ya watu iandikwe pamoja na tarehe yake na njia iliyotumika kuipata, iwe sensa au makadirio. Ukiijaza vizuri pale, kigezo cha makala kinaweza kuichukua kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa lugha nyingine. Ni kazi isiyoonekana, na kwa mwalimu anayetoa alama ni vigumu kuipima kuliko kuhesabu makala mpya. Hata hivyo ndiyo ninayoithamini zaidi, maana inabaki hata mwanafunzi akishahitimu.

Kuhusu usiku. Sensa zetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa: tarehe 26 Agosti mwaka 2012, na tarehe 23 Agosti mwaka 2022, safari hii makarani wakitumia vishikwambi. Katika mji ambao reli ya Kigoma na ya Mwanza zinaachana, jambo hili lina uzito wake. Abiria aliyelala gesti karibu na stesheni ni mtu wa Tabora kwa hesabu ya usiku huo. Ndiyo sababu pia namba za zama za misafara hazifai kupangwa katika jedwali moja na za sensa. Wasafiri Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, Stanley akafika Unyanyembe, eneo hilohilo, mwaka 1871, na maandishi ya wasafiri wa enzi hizo yana makisio ya watu. Ni ya kukadiria kwa macho, katika mji uliojaa na kupungua kwa kufuata misafara, huku wapagazi wa Kinyamwezi wakielekea pwani kiangazi na kurudi kwa kilimo. Yawekwe kwenye sehemu ya historia, kwa jina la aliyeyasema.

Zikishapangwa hivyo, namba zinaanza kusema mambo ambayo hakuna aliyeyaandika. Manispaa ya Tabora ilikuwa na watu 226,999 mwaka 2012 na 308,741 mwaka 2022, ongezeko la takribani asilimia 3.1 kwa mwaka. Mkoa ulifika 3,391,679, ongezeko la asilimia 3.9. Mwaka 2012 mji ulikuwa na asilimia 9.9 ya watu wa mkoa. Mwaka 2022 ilikuwa 9.1. Tumezoea kudhani mji ndio unaovuta watu, na hapa ongezeko kubwa limekwenda wilaya za nje. Hesabu hii ni ya kugawanya tu, yeyote anaweza kuirudia, kwa hiyo inaweza kuingia katika makala. Sababu zake haziwezi kuingia mpaka zipatikane katika utafiti uliochapishwa.

Kwa Isevya yenyewe, kazi inataka majedwali ya kata ya sensa mbili na ramani mbili za mipaka ya kata. Mwanafunzi akipata majedwali na kukosa ramani, aandike namba zote mbili kila moja na tarehe yake, asiandike popote neno "ongezeko", na aache ujumbe kwenye ukurasa wa majadiliano kueleza ni ramani gani inayotafutwa.