Punje Elfu Moja za Mchele

Swali la kwanza ni lile lile la pwani nzima: "Mwalimu, analiwa?" Ubaoni kuna farasi wa baharini aliyechorwa kwa chaki, na gredi ya nne hapa Mishomoroni wameshamfikisha jikoni. Mwalimu hakasiriki. "Ukimla utatafuna mifupa tu. Hana magamba huyu, mwili wake ni pete za mfupa toka shingoni hadi mkiani." Kijana wa nyuma anapinga: kama hana magamba, basi si samaki. "Ana mapezi, anapumua kwa mashavu. Ni nani, basi?" Anawaachia swali hilo hadi kesho.

Nimekaa nyuma ya darasa hilo siku tatu, nikatoka na heshima ile ile niliyo nayo kwa akina mama washonao mikeka. Ukili husukwa kwanza, ukanda mmoja mmoja. Kazi inayomtambulisha fundi huja baadaye, pale kanda zinapoungwa na mshono usionekane. Walimu wengi wanajua kusuka: Hisabati kando, Kiswahili kando, Sayansi kando. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika katika madarasa ya chini mwaka 2019, unasisitiza masomo yaungane. Kuandika hivyo ni rahisi.

Upande wa Kiswahili alianza na uzazi. Farasi wa baharini jike hutaga mayai katika mfuko ulio tumboni mwa dume, naye dume huyalea humo kwa muda wa wiki mbili hadi nne hivi, kisha hujifungua. Darasa likapasuka kwa kicheko. "Baba kajifungua?" Mwalimu akaandika vitenzi vinne: kuoa, kuolewa, kuzaa, kujifungua. Kipi cha baba, kipi cha mama, kipi cha wote wawili? Ikabainika kwamba lugha yetu humruhusu baba kuzaa, maana twasema fulani kazaa watoto saba, lakini kujifungua imemnyima. Watoto wa miaka tisa, kumi, wakabishana sarufi kwa dakika ishirini bila kujua kuwa ni sarufi. Mimi kauli ya kutendwa nilifundishwa kwa kiboko. Sikujua kama inaweza kuchekesha.

Hisabati ndiyo iliyonishika. Dume wa baadhi ya aina anaweza kutoa watoto zaidi ya elfu moja kwa uzazi mmoja, na wataalamu hukadiria kuwa katika kila elfu hawafiki watano wanaokua. Mwalimu mwingine angeandika namba hizo ubaoni akapita. Yeye alileta sinia la mchele. Makundi kumi, kila kundi lihesabu punje mia moja. Vidole vikaanza kusukuma punje moja moja juu ya madawati. Msichana mmoja alifika themanini na kitu, jirani yake akapiga chafya, hesabu ikapotea, akaanza upya. Mwalimu alisimama dirishani, mikono nyuma, hakumhimiza mtu. Dakika 35 za kipindi zikaisha, kengele ikalia, punje hazijatimia.

Kipindi cha pili zilitimia. Zikakusanywa pamoja, na hapo watoto wakashangaa: elfu moja, kwa kelele zote zile, ilienea katika kiganja kimoja. Mwalimu akachagua punje tano, akazitia kwenye kizibo cha soda. "Hawa ndio watakaokua." Wakazitazama. Kisha akatoa moja, akairudisha kwenye fungu. "Nimesema hawafiki watano." Hakuongeza neno. Mimi, kwa ulimi wangu ulivyo, ningeongeza hotuba nzima.

Kwenye Sanaa alikataza kuanza na kichwa. Watoto wote hukimbilia kichwa kwa sababu ndicho kinachofanana na farasi, halafu mkia wanaumalizia kama kamba. Aliwaanzisha mkiani, akafuta mikia yote ya mviringo. Mkia wa farasi wa baharini una pembe nne, na mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kuwa umbo hilo hustahimili kubanwa kuliko la mviringo, na hushika vizuri zaidi. Tarehe hiyo hakuitaja. Aliwaambia tu wakunje kidole kwenye penseli, waone anavyong'ang'ania majani ya baharini mkondo unapovuta. Watoto wanaoishi kandokando ya hori la Tudor hawahitaji kuelezwa mkondo.

Nina neno dogo la kulalamika. Biashara aliipitia mbio: kwamba farasi hawa hukaushwa na kuuzwa Asia kwa dawa, na kwamba tangu mwaka 2004 kuwauza nje ya nchi kunadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Watoto ambao wamehesabu punje elfu moja kwa mikono yao wangeweza kuibeba habari hiyo. Lakini muda ulikuwa umekwisha, na ulikwisha kwa sababu nzuri.

Walimu wakuu wa Kisauni, ombi langu ni hili tu: mwalimu wa namna hii mpangieni vipindi viwili vifuatane. Mchele hauhesabiki kwa dakika 35.