Reagan: akteri aliyepata role yake kwenye televizio



Kila mara jina la Ronald Reagan likitoka katika mazungumzo, kuko mtu wa kusema: "Yule alikuwaka akteri mubaya, siasa njo ilimuokoa." Maneno hayo yanachekesha, lakini yanaruka hatua moja. Kati ya sinema na siasa kulikuwa televizio, miaka 8 mizima, na hatuiongelei sana. Mimi naona kazi yake bora ya uchezaji iko pale pale, wala haiko katika filme yoyote. Shida ni kwamba watu wachache tu waliihukumu kama mchezo, juu haikufanana na mchezo.

Tuanze na kijana mwenyewe. Reagan alimaliza masomo Eureka College, jimbo la Illinois, mwaka 1932, na diplome ya uchumi na sosiolojia. Marekani ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Aliomba kazi ya kuuza vifaa vya michezo dukani, hawakumchukua. (Wenye kuwa na diplome ndani ya sanduku na barua za maombi bila majibu, ninyi mnaelewa.) Ndipo akaingia redio. Kule Des Moines alitangaza mechi za baseball za Chicago Cubs bila kuwa uwanjani. Telegrafu ilimletea maneno mafupi ya kila mpira, na yeye akaongeza jua, kelele za watu na vumbi. Alipenda kusimulia kwamba siku moja telegrafu ilikatika, naye akaendelea kutangaza mipira ambayo haikuwepo mpaka habari zikarudi. Kumbe sauti tulivu inaweza kujaza shimo, na msikilizaji asijue kama shimo lilikuwepo.

Mwaka 1937 Warner Bros. wakampa kontra ya miaka 7, dola 200 kwa juma. Hapa inafaa kukumbuka studio ya siku zile ilikuwa kitu gani. Akteri hakuchagua filme. Studio ilimpangia kazi, iliweza kumkopesha kwa studio ingine, na akikataa role inamsimamisha bila mshahara. Patron alijua sura yako inauza nini na akaiuza hivyo hivyo. Filme ya kwanza ya Reagan, Love Is on the Air, ilimpa role ya mtangazaji wa redio! Kwa hiyo studio iliona tangu siku ya kwanza yule mtu ni nani. Lakini haikuwa na kazi kubwa kwa mtu wa namna hiyo, ikamsukuma katika filme za bei ndogo, zile zilizoonyeshwa pamoja na filme kubwa ili tiketi ionekane imejaa.

Wenye kusema hakujua kucheza waangalie Kings Row, ya 1942. Reagan anacheza Drake, kijana tajiri, mcheshi, anayepoteza mali na kuishia kazi ya reli. Anapata ajali, na daktari anayemchukia anamkata miguu yote miwili bila sababu ya kweli. Drake anaamka kitandani, anatafuta miguu yake, analia kwa sauti. Ni sekunde chache tu, lakini zinaingia. Kwa nini? Kwa sababu mpaka hapo tumeona tabasamu ya mtu ambaye hajawahi kuogopa chochote, na ghafla tabasamu haina pa kusimama. Reagan mwenyewe alijua uzito wa dakika ile. Kilio cha Drake, Where's the Rest of Me?, alikifanya kuwa jina la kitabu cha maisha yake mwaka 1965.

Baada ya hapo ikaja vita. Macho yake yalikuwa dhaifu, hakutumwa mbele. Alifanya kazi katika kikosi cha jeshi kilichotengeneza filme za mafunzo, Culver City, na mara nyingi ilikuwa kusoma maelezo tu. Tena sauti! Vita ikiisha, sinema imebadilika. Mwaka 1951, wakati Marlon Brando anatoa jasho na hasira katika A Streetcar Named Desire, Reagan alikuwa na sokwe katika Bedtime for Bonzo. Watu wamemcheka mpaka leo juu ya filme ile. Mimi sioni haya yoyote ndani yake: anamwachia mnyama nafasi, na kicheko kinapita vizuri. Lakini soko la tabasamu lilikuwa limefungwa.

Na studio zenyewe zilikuwa zinabomoka. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Paramount, na studio kubwa zikalazimika kuachana na kumbi zao za sinema. Televizio ikaingia nyumbani kwa watu, kontra za miaka mingi zikapungua. Mapema 1954 Reagan alikuwa Las Vegas, juma mbili, akitambulisha wanamuziki na wachekeshaji katika hoteli. Mwaka ule ule, mwezi wa 9, akaanza General Electric Theater, kila jumapili jioni kwenye CBS.

Bon, hapa njo kiini cha andiko langu. Alifanya nini katika programu ile? Anaingia na suti, anasalimia, anasema maneno machache juu ya hadithi ya leo, anaondoka. Wachezaji wengine wanalia, wanapigana, wanakufa. Yeye anarudi mwishoni, kila kitu kiko sawa, na kampuni inakumbusha kwamba maendeleo ndiyo bidhaa yake kubwa. Mara moja moja alicheza katika hadithi pia, lakini si hizo zilizomjenga. Katika msimu wa 1956–57 programu ilishika nafasi ya tatu kwa kuangaliwa nchini Marekani.

Angalia tofauti. Katika filme akteri anasema "mimi ni Drake", na sisi tunajua si kweli, tunakubali mchezo kwa hiari yetu. Mwenyeji wa programu anasema "mimi ni Ronald Reagan". Hapo hatukubali mchezo wowote, juu hatukuambiwa kama kuko mchezo. Lakini suti imechaguliwa, maneno yamepimwa, na anayelipa ni kampuni inayouza taa, friji na injini za ndege. Hata nyumba yake ya Pacific Palisades General Electric iliijaza vyombo vya umeme, na televizio ikaionyesha pamoja na mke na mtoto. Ile nyumba ni jukwaa, na bwana anakula chakula chake jukwaani.

Kontra ilimtaka pia atembelee viwanda vya kampuni, zaidi ya 130. Alianza na visa vya Hollywood. Pole pole visa vikapungua, na maneno juu ya kodi na serikali yakaongezeka. Hiyo ilikuwa mazoezi ambayo hakuna studio ingempa: kila siku watu wapya, kila siku kusikia ni sentensi gani inapigiwa makofi.

Kuko upande mwingine ambao tabasamu ile ilifunika. Reagan alikuwa rais wa sindika ya waakteri toka 1947 mpaka 1952, tena 1959–60. Mwaka 1952 sindika iliipa kampuni ya MCA ruhusa ya pekee: iwatafutie waakteri kazi, na hapo hapo itengeneze programu za televizio, ni kusema wakala akawa pia patron. MCA ilikuwa wakala wa Reagan mwenyewe, na kampuni yake ya utengenezaji ndiyo ilitengeneza General Electric Theater. Mwaka 1962 aliulizwa juu ya mambo hayo mbele ya baraza la mashtaka la serikali. Hakushtakiwa, na mimi si mwamuzi. Tena ni haki kusema kwamba mgomo wa 1960, chini yake, uliwaletea waakteri mfuko wa pensheni na matibabu. Lakini malipo ya filme za kabla ya 1960 zinazorudiwa kwenye televizio yaliachwa, na wazee wa fani walibaki na uchungu.

Ukitaka kuona tabasamu ikiondolewa, tafuta The Killers ya 1964. Ni filme yake ya mwisho, na role yake ya kwanza ya mtu mbaya: mkubwa wa majambazi, mwenye suti safi, anayempiga kofi Angie Dickinson bila hata kupandisha sauti. Ilitengenezwa kwa televizio, wakaona ina ukali mwingi, ikapelekwa sinema. Reagan hakuipenda. Mimi naona ndani yake utulivu ule ule wa jumapili jioni, isipokuwa hapa hakuna mtu wa kufurahisha. Tarehe 27 mwezi wa 10 mwaka ule, akahutubia Marekani nusu saa kwenye televizio kumuunga mkono Barry Goldwater. Goldwater alishindwa. Mwenyeji akabaki, na miaka 2 baadaye akachaguliwa gavana wa California.

Mtaniuliza: hiyo inatuhusu nini sisi? Inatuhusu. Waliokuwa na televizio wakati wa Zaïre wanakumbuka: kabla ya habari, sura ya Mobutu inashuka kutoka mawinguni. Ile ilikuwa televizio ya kuamuru. Hata mtoto alijua kama mtu hakai mawinguni, tuliangalia, tukanyamaza. Mwezi wa 8 mwaka 1983 Mobutu alikuwa White House, na Reagan, kwa sauti yake ile ya kupokea wageni, akamsifu kuwa sauti ya busara na nia njema. Hapo mambo mawili yalikutana: yule aliyeshuka mawinguni, na yule aliyeingia sebuleni kwa adabu. Mbele ya watu wa Marekani, yule wa pili alimtambulisha yule wa kwanza kama alivyotambulisha hadithi za jumapili: maneno machache, uso mwema, kila kitu kiko sawa. Sisi tulikuwa ndani ya hadithi yenyewe, na tulijua haiko sawa.

Kwa hiyo tusiseme tena yule alikuwa akteri mbaya. Ingekuwa heri kama angekuwa mbaya. Maneno ya siku ile yasingeaminika. Na kesho ukiwasha televizio, ukaona mtu mpole anayekukaribisha na kukueleza nchi inakwenda vizuri, mtazame kama unavyomtazama akteri: nani ameandika maneno yake, na nani analipa kiti anachokalia.