Mvuto wa ‘Terminator 2’ umo katika ahadi, si katika risasi

KUNA dhana iliyokita mizizi miongoni mwa wasomi wenzangu kwamba filamu za mapigano ni za vijana wasiotaka kufikiri. Mwambie mhadhiri wa fasihi kuwa unaipenda ‘Terminator 2: Judgment Day’, atakutazama kana kwamba umemwambia umeacha kusoma vitabu. Mimi naipenda, na ninazo sababu.

Filamu hiyo ya James Cameron ilitoka mwaka wa 1991, miaka saba baada ya ile ya kwanza. Mashine za siku zijazo, chini ya mfumo wa kompyuta uitwao Skynet, zimetuma roboti jijini Los Angeles imuue John Connor, mvulana wa miaka 10 atakayekuja kuwaongoza binadamu vitani. Binadamu nao wametuma roboti yao imlinde, nayo imeigizwa na Arnold Schwarzenegger. Kinachofuata, eti, ni risasi, malori na moto tu.

Hebu tuzisikilize roboti hizo mbili zinavyosema. Ile ya kuua, T-1000, ni metali inayotiririka kama maji. Inaweza kujigeuza iwe mtu yeyote iliyemgusa na kuiga sauti yake. Aghalabu huvaa sare za polisi na kuuliza maswali kwa adabu. Mlinzi naye husema kama kijitabu cha maelekezo ya redio, hata inambidi mtoto amfunze lugha ya mitaani. Anayeimudu lugha vyema zaidi ndiye hatari zaidi.

Zingatia tukio la simu. John anapiga simu nyumbani na kujibiwa na mama yake mlezi kwa upole asiouzoea. Mlinzi anaichukua simu, anaiga sauti ya mtoto na kuuliza hali ya mbwa kwa jina la uongo. Mama anajibu kwamba mbwa hajambo. Basi mlinzi anakata simu na kumwarifu mtoto kuwa walezi wake wameshakufa. Mwaka wa 1991 hiyo ilikuwa ndoto ya wasanii. Leo, programu ya kompyuta inaweza kuiga sauti ya mwanao na kukuomba pesa. Tukio hilo linanitisha zaidi sasa kuliko nilipolitazama mara ya kwanza.

Dhidi ya kuiga huku, filamu inaweka kuahidi. Mtoto anagundua kuwa mlinzi wake lazima amtii. Anamwamuru asimame kwa mguu mmoja, naye anasimama. Kisha anamwapisha asiue mtu. J.L. Austin alitufunza kwamba kuna kauli ambazo kuzitamka ni kutenda, na kuapa ni mojawapo. Tangu hapo kila risasi ina mizani yake. Roboti ya sura iyo hiyo katika filamu ya 1984 iliua askari 17 katika kituo kimoja cha polisi. Sasa inayamiminia risasi magari ya polisi kwa bunduki kubwa ajabu, na kompyuta iliyo kichwani mwake inapohesabu maiti, jibu ni sifuri.

Sisemi kwamba filamu hii ni mahubiri ya amani. Aliyepigwa risasi ya goti hatamshukuru aliyempiga kwa kumwachia uhai. Isitoshe, kazi hii inayotuonya dhidi ya kompyuta iligharimu takriban dola milioni 100 na kujivunia kompyuta bora za wakati wake. Mojawapo ya Oscar zake nne ilitolewa kwa picha hizo. Raha ya kuona vitu vikilipuka ipo, na mhakiki anayejifanya haioni anatudanganya. Ila raha hiyo peke yake huisha upesi. Tumeona filamu ngapi zenye milipuko mikubwa zaidi ambazo hatuzikumbuki?

Mashabiki wetu humwita shujaa wa filamu ‘staring’, na kanuni yao ni moja: staring hafi. Sisi Waswahili tunajua kuwa hufa. Fumo Liyongo hakuweza kuuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyeichoma ni mwanawe, baada ya kumtoa siri kwa maneno matamu. Cameron ameipindua hadithi ya namna hiyo. Hapa, anayekufa amekuwa kama baba kwa mtoto, na mtoto ndiye anayemsihi asife. Roboti haiwezi kujiua, na ikibaki, teknolojia iliyo ndani yake itazaa Skynet nyingine. Kwa hivyo inamwomba Sarah, mama yake John, aiteremshe katika chuma kilichoyeyuka. John anaiamuru isiende. Ile mashine iliyotii hata ilipoambiwa isimame kwa mguu mmoja, sasa inakaidi.

Mzazi au mwalimu akiwakuta vijana wakiitazama filamu hii, asikimbilie kuzima televisheni. Na akae nao hadi mwisho, kisha awaulize: kwa nini staring amekaidi amri ya mtoto aliyelazimika kumtii, na je, amevunja ahadi yake au ameitimiza?