Ustadi wa Kuutazama Mkono Bila ya Kisu

Katika fani zote za utabibu zistahilizo sifa, ipo moja ambayo wagonjwa wengi huipitia pasi na kuitambua, nayo ni ya yule akaaye katika chumba chenye mwanga hafifu akausoma mkono wa mtu, asiufungue kwa kisu, na hata hivyo akabainisha ni kano ipi iliyokatika baina ya mifupa minane midogo ya kifundo.

Mkono ulitangulia viungo vingi katika elimu hii. Mwezi Desemba mwaka 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen aliupiga picha mkono wa mkewe kwa miali aliyokuwa ameigundua punde, ikadhihirika mifupa, ikadhihirika na pete kidoleni. Lakini kano hazikuonekana, wala eksirei haijapata kuzionyesha hata leo. Basi msomaji wa eksirei hana budi kuihukumu kano kwa ushahidi wa mifupa iliyofungwa nayo.

Nami nasema kwamba ustadi wote umo hapo. Mtu aangukaye kutoka juu ya pikipiki akatanguliza kiganja, huenda asivunjike mfupa wowote, ila ikapasuka kano iungayo mifupa miwili ya kifundo, skafoidi na lunati, kano iliyopinda mithili ya herufi C, ambayo sehemu yake ya upande wa mgongo wa mkono ndiyo imara kuliko zote. Akiambiwa ameteguka tu, akapewa dawa ya kuchua, hurejea nyumbani ameridhika. Na miaka ikipita, mifupa ile huachana mwendo, gegedu husagika, na kukamua nguo kukawa ni adhabu.

Picha ya mkono uliotulia yaweza kuwa safi kabisa, ilhali jeraha limo. Ndiyo maana mpiga picha hodari humwamuru mgonjwa akunje ngumi kwa nguvu, kwani hapo mfupa wa katikati husukumwa kuielekea ile miwili, na kama kano haishiki tena, nafasi hupanuka. Ikizidi milimita 3 hutiliwa shaka kubwa, na madaktari wameiita alama hiyo kwa jina la Terry-Thomas, mchekeshaji wa Uingereza aliyekuwa na mwanya mpana wa meno ya mbele.

Altrasaundi ndiyo niipendayo zaidi, kwa kuwa haina mionzi, gharama yake ni nafuu, na humwezesha mtazamaji kuona kiungo kikienda. Fundi hupaka jeli nyuma ya kifundo, akaipapasa ile nundu ndogo ya mfupa wa radio, kisha akakisogeza kifaa chake taratibu kuelekea vidoleni, mpaka zitokee kingo mbili zing'aazo na baina yake nyuzi nyeupe zilizopangika. Hapo huomba mkono uinamishwe upande wa kidole cha mwisho, kisha upande wa gumba, naye hakibandui kifaa wala jicho. Nyuzi zilizokatika huacha pengo jeusi, na mifupa huachana mbele ya macho yake. Bado hatoi hukumu. Huutaka na mkono wa pili, ule usiouma, maana wako watu wenye viungo vilivyolegea tangu kuzaliwa, na nafasi ambayo kwa mwingine ingekuwa maradhi, kwao ni maumbile.

MRI, yenye sumaku kubwa, huona mengi zaidi, hususan ile gegedu ya pembetatu iliyo upande wa kidole cha mwisho. Lakini ni ghali, na haipatikani kila mahali. Tena gegedu hiyo hutoboka kwa umri, hata kwa watu wasio na maumivu yoyote, kwa hiyo tundu peke yake halithibitishi kitu mpaka mgonjwa aulizwe, aonyeshe kwa ncha ya kidole panapomuuma.

Kamera ndogo ipenyezwayo ndani ya kiungo ingali ndiyo yenye kauli ya mwisho. Msomaji mwaminifu wa picha hulijua hilo, na namheshimu zaidi kwa sababu hulikiri kwa maandishi: hakuna mpasuko ulioonekana, maumivu yakiendelea, mgonjwa apelekwe kwa daktari wa upasuaji wa mikono.