Kuziamsha prosesa za siri: jinsi Linux inavyoiandaa TDX

Majibu ya vipimo vya mgonjwa aliyeteremka kutoka Rombo kuja kutibiwa hospitali ya KCMC, hapa Moshi, yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Yakiwa diskini yanaweza kusimbwa. Yakisafiri mtandaoni, vilevile. Tabu huja yanapochakatwa. Ndani ya memori majibu hayo yako wazi, na anayeishika kerneli ya seva ya kukodi anaweza kuyasoma. TDX ya Intel inaziba mwanya huo: memori ya kila mashine pepe ya siri inasimbwa kwa ufunguo wake, na kerneli ya seva haiupati.

Lakini maandalizi ya mlinzi huyu yanafanywa na kerneli ileile asiyoiamini. Hapo ndipo pana utamu.

Linux ilianza kuiandaa TDX upande wa seva katika toleo la 6.8, Machi 2024. Kerneli huikuta moduli ya TDX, programu yenye saini ya Intel, imeshapakiwa na BIOS kwenye eneo la memori lisilofikika. Huiita kwa amri ya SEAMCALL, na amri hiyo hukataliwa ikiwa prosesa inayoitoa haijapitia kwanza VMXON, amri ya kuiingiza prosesa katika hali ya kuendesha mashine pepe. Kisha huja amri mbili: moja huiandaa moduli mara moja kwa mashine nzima, nyingine, TDH.SYS.LP.INIT, huendeshwa na kila prosesa kwa nafsi yake. Hakuna kutumana. Ni kama siku ya kuzibua mfongo, mfereji wa kumwagilia, Uchaggani: kila kaya inayomwagilia hutoa mtu wake, na asiyefika asitarajie maji.

Kwa nini basi toleo hilo la 6.8 halikuifanya kazi hii mashine inapowaka? Moduli inahitaji daftari la kufuatilia kila ukurasa wa memori, liitwalo PAMT, linalokula takribani 1/256 ya memori yote. Kwenye seva ya terabaiti 1 hizo ni gigabaiti 4 hivi, na kuzitoa kabla hujajua kama kuna atakayeiendesha mashine ya siri ni ubadhirifu. Ndiyo maana kerneli ilisubiri KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe, iombe. Sababu hiyo naikubali kabisa. Ya pili siipendi sana: VMXON ilikuwa mali ya KVM, kwa hiyo kerneli ilimwachia mwombaji jukumu la kuhakikisha kila prosesa imeshaingia katika hali hiyo. Kazi moja ikiwa na wenyewe wawili, usishangae kila mmoja akidhani mwenzake ameshaifanya.

Katika maandalizi yote hayo, hatua ya ufunguo ndiyo ya hatari. PAMT yenyewe hulindwa kwa ufunguo wa moduli, na ufunguo huo huwekwa na prosesa moja katika kila soketi. Soketi moja ikisahaulika, kazi haijaisha. Kabla ya hapo prosesa zote huamriwa kusafisha keshi zao. Bila hivyo, data ya zamani iliyoandikwa bila ufunguo ingeweza kurudishwa kwenye memori baadaye na kuharibu kile ambacho moduli imeshakiandika, na kosa la namna hiyo hujitokeza mbali kabisa na chanzo chake. Mwisho, memori huandaliwa kipande kwa kipande, kila mwito ukirudisha anwani ya kuendelea nayo, ili prosesa isishikiliwe muda mrefu.

Uwezo wa KVM kuendesha mashine zenyewe ulifuata katika toleo la 6.16, mwaka 2025, ukiwa na sharti linalotokana na hesabu hiyohiyo ya soketi. Kuifuta mashine ya siri na kuurudisha ufunguo wake kunahitaji keshi isafishwe katika kila soketi, na prosesa iliyozimwa haiwezi kutumwa. Kwa hiyo ukijaribu kuizima prosesa ya mwisho iliyo hai katika soketi wakati bado kuna funguo zinazotumika, kerneli inakukatalia.