Joseph Kiwele: Tumpime kwa Misa Yake

Likitajwa jina la Joseph Kiwele hapa Lubumbashi, wazee wengi hukumbuka wimbo wa taifa wa ile Katanga iliyojitenga tarehe 11 Julai 1960. Kweli, aliutunga yeye, naye alikuwa waziri wa elimu katika serikali ya Moïse Tshombe. Lakini yeye mwenyewe alifariki mwaka 1961, na dola ile ikaisha Januari 1963, wimbo wake ukanyamaza pamoja nayo. Sisi twaona si haki kumpima mtunzi huyu kwa bendera iliyokwisha kushushwa. Yafaa tumpime kwa Misa yake.

Kiwele alizaliwa mwaka 1912 huko Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, katika misioni waliyoipokea Mapadri Weupe mwaka 1885. Alilelewa seminarini; upadri hakuupata, ila alitoka na Kilatini na elimu ya muziki. Baadaye alifundisha muziki Élisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu ya leo. Kazi yake kuu ni Missa Katanga, aliyoitunga kabla ya uhuru.

Je, sifa yake ni nini? Siku zile Wakristo wengi walidhani ya kuwa nyimbo za Ulaya ndizo takatifu, na za mababu ni za kuachwa mlangoni. Kiwele aliyaacha maneno katika Kilatini, kama sheria ya Kanisa ilivyotaka, lakini sauti alizitafuta kwetu. Hakuziokota ovyo: alizipanga, akaziandika. Alifanya hivyo kabla ya Mtaguso kutangaza, tarehe 4 Desemba 1963, kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake katika ibada.

Mtu atauliza: na Missa Luba je? Hiyo nayo twaisifu. Padri Guido Haazen na waimbaji wake wa Kamina waliisikizisha dunia mwaka 1958. Walakini ile ilizaliwa vinywani mwa waimbaji, na jina lililobaki kwenye sahani ni la padri mgeni. Missa Katanga ina mtunzi wake, mwana wa nchi, aliyeketi na kalamu. Tofauti hiyo ni kubwa: Mwafrika hakuitwa kuimba tu, alitunga.

Kasoro ipo. Tangu Roma ilipokubali Misa ya Zaire mwaka 1988, waamini wamezoea kumwomba Mungu kwa lugha zao, na Kilatini cha Kiwele huwapita wengi. Lakini je, hiyo ni sababu ya kumsahau? Kwaya zetu nyingi leo zina vinanda vya umeme na vipaza sauti, na kila sikukuu wimbo mpya. Wimbo hushikwa kwa sikio, mwalimu akihama au akifa, nao huenda naye. Kisichoandikwa hakirithiwi.

Basi, walimu wa kwaya, msione haya kujifunza noti. Mwenye karatasi za zamani kabatini azinakili kabla mchwa hawajazila. Na siku moja ya sikukuu, tuimbe Kyrie ya Kiwele, vijana wasikie ya kwamba Katanga ilimsifu Mungu kwa sauti yake yenyewe kabla hawajazaliwa.